Tangi la maji ya chumvi likishakomaa, maji yapimwe kila baada ya siku ngapi?

Swali hili halikosekani popote wanapokutana watu wanaofuga samaki wa baharini nyumbani, na majibu yake humwacha muulizaji pabaya kuliko alipokuwa. Mmoja atamwambia pima kila siku. Wa pili atasema kila Jumamosi inatosha. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye tangi la kupendeza kuliko wote, atasema hajagusa kipimo tangu mwaka juzi na samaki wake wanadunda. Wote watatu huenda wanasema kweli. Kila mmoja anazungumzia tangi lake, na hayo maneno "kupima maji" kila mmoja anayatumia kwa kitu chake.

Tuanze na hayo maneno. Ndani ya tangi la chumvi kuna mambo kumi ambayo watu hupima: joto, kiwango cha chumvi, pH, amonia, nitriti, nitrati, fosfati, alkaliniti, kalsiamu na magnesiamu. Kila moja lina mwendo wake. Lipo linalobadilika kati ya asubuhi na jioni, lipo linalochukua mwezi mzima kusogea. Kuuliza maji yapimwe mara ngapi ni kama kumuuliza bodaboda pikipiki yake huikagua mara ngapi. Petroli anaitazama kila akipanda, upepo wa matairi akisikia inayumba, oili kwa kilomita, na plagi anaikumbuka siku ikigoma kuwaka. Jibu moja hana, wala haoni ajabu kutokuwa nalo.

Neno la pili ni "kukomaa". Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na uchafu wao, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mawe, mchangani na ndani ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Tangi jipya halina jeshi hilo. Hulichukua wiki 4 hadi 6 hivi kulijenga, na ni katika wiki hizo ndipo kupima amonia kila siku au kila baada ya siku mbili kuna maana kubwa. Wanaosema "kila siku" mara nyingi wanakumbuka kipindi hiki, au wamesoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili yake.

Tangi lililokomaa ni lile ambalo amonia na nitriti zimekaa sifuri kwa miezi, idadi ya samaki haipandi na kushuka, na ratiba ya chakula na ya kubadilisha maji ni ile ile. Wengi hufika hapo kati ya miezi 6 na mwaka. Lakini umri peke yake si kukomaa. Tangi la miaka 3 ambalo jana limetiwa samaki wawili wakubwa aina ya kangaja leo ni changa tena kwa muda.

Kwa hiyo amonia kwenye tangi lililokomaa sioni sababu ya kuipima kila wiki. Utapata sifuri wiki 40 mfululizo, na wiki ya 41 utakuwa umeshaacha kuamini kwamba kipimo kinaweza kuonyesha kingine. Ipime panapotokea jambo: samaki kafa na hukumwona akaoza nyuma ya mawe, mtoto kamwaga kopo zima la chakula, umetia dawa ya kuua bakteria (dawa hizo hazichagui, wale wazuri nao huondoka), umeosha kichujio kwa maji ya bomba yenye klorini, au umeme umekatika saa nyingi. Hili la umeme nilisemee kidogo. Pampu zikisimama, tatizo la kwanza ni hewa, na hewa haihitaji kipimo kuijua, samaki watakuja juu kuhema wenyewe. Chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, tena na tena, au uwe na pampu ndogo ya betri. Amonia utaipima umeme ukirudi na kesho yake.

Nitriti nayo huwatisha watu kuliko inavyostahili. Kwenye maji baridi, yale ya ziwani na mitoni, ni sumu kali. Kwenye maji ya chumvi, kloridi iliyojaa humo huizuia isiingie kwa wingi kwenye damu ya samaki. Ukiiona kwenye tangi lililokomaa ni dalili kwamba bakteria wamepata msukosuko, na hiyo ndiyo habari ya kuifanyia kazi.

Sasa chumvi. Hapa ndipo tangi la baharini linapotofautiana kabisa na la maji baridi, na ndipo wanaoanza wanapoangukia, mimi nikiwemo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji, na kwenye haidromita, kifaa kinacholinganisha uzito wa maji hayo na wa maji matupu, hiyo ni karibu 1.025 au 1.026. Maji yakipanda hewani kama mvuke, chumvi haiendi nayo. Kila aliyewahi kusahau sufuria ya supu jikoni anajua: mchuzi ulikuwa sawa saa nne, saa sita haunyweki, na hakuna aliyeongeza chumvi.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 200, Dar es Salaam, feni ikipiga juu ya maji ili yasichemke kwa joto la Februari. Likipoteza kama lita 3 kwa siku. Mimi kwa akili yangu nikawaza, hili ni tangi la bahari, basi lijaziwe maji ya bahari. Lita 3 za maji ya bahari zina chumvi gramu 105 hivi. Zigawe kwenye lita 200, ni nusu gramu kwa lita kila siku. Siku ya kumi nilikuwa nimetoka 35 nimefika 40. Konokono ndio walionipa taarifa. Walikaa wamejifunga sehemu moja siku mbili, nikadhani wamelala. Kinachojaziwa ni maji yasiyo na chumvi kabisa, yaliyochujwa, kufidia mvuke tu. Maji yenye chumvi ni ya siku ya kubadilisha, unapotoa ndoo ya zamani na kutia ndoo mpya.

Ukijazia kila siku kwa mkono au kwa mashine ya kujazia, chumvi ipime mara moja kwa wiki. Lakini mwendo huo unabadilika na majira. Wakati wa kaskazi, joto likiwa juu na feni inazunguka mchana na usiku, tangi lile lile hupoteza maji mengi kuliko wakati wa kusi, na ukisafiri siku 5 bila mtu wa kujazia, lita 15 zimekwenda na chumvi imeshagusa karibu 38. Mstari wa kalamu kwenye kioo, pale maji yanapotakiwa kufika, ni kipimo bora kuliko watu wanavyodhani. Unautazama ukipita na kikombe cha chai.

Kifaa chenyewe kinadanganya pia. Haidromita ya mshale ikishikwa na kiputo cha hewa, mshale hupanda na kukuonyesha chumvi ambayo haipo. Refraktomita, inayosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, ni nzuri zaidi, lakini isawazishwe kwa maji maalumu ya 35 yanayouzwa kwa kazi hiyo. Iliyosawazishwa kwa maji matupu tu inaweza kusoma sifuri vizuri na ikakosea kule juu unakokuhitaji.

Tuje kwenye alkaliniti, neno linalowachanganya watu kuliko yote kwa sababu linafanana na pH na si pH. pH inasema maji yana uchachu au ubasi (kinyume cha uchachu) kiasi gani sasa hivi. Alkaliniti inasema maji yana akiba kiasi gani ya kupambana na uchachu, sehemu kubwa yake ikiwa ni bikaboneti. pH ni hela iliyo mfukoni saa hii, alkaliniti ni akiba iliyo kwenye kibubu. Hupimwa kwa digrii za Kijerumani, dKH. Bahari ina kama 7, na wafugaji wengi hukaa kati ya 7 na 10.

Ukifuga samaki watupu, akiba hii hupungua polepole, na kubadilisha maji kila wiki mbili huirudisha. Ukifuga matumbawe magumu, mambo ni mengine kabisa. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti, mchana kutwa, kama fundi mwashi asiye na Jumapili. Na hesabu ya ujenzi huo inajulikana: kwa kila digrii 2.8 za alkaliniti zinazotumika, kalsiamu hupungua kama miligramu 20 kwa lita. Magnesiamu hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Chukua tangi lenye alkaliniti 8 na kalsiamu 420, matumbawe yanakula nusu digrii kwa siku. Baada ya wiki moja bila kuongeza chochote, alkaliniti imeshuka hadi 4.5, na matumbawe yameanza kufifia nchani. Kalsiamu imetoka 420 ikafika 395. Vipimo vingi vya matone vya nyumbani huhesabu kalsiamu kwa hatua za 10 au 20, kwa hiyo ungeitazama hiyo 395 ukasema mbona iko sawa tu. Magnesiamu, ambayo baharini iko karibu 1,290, isingeonekana imeguswa.

Kwa lugha ya stoo, magnesiamu ni gunia, kalsiamu ni debe, alkaliniti ni kibaba. Vyote vinachotwa kila siku, lakini kitakachokulaza na njaa ni kibaba. Mwenye matumbawe magumu apime alkaliniti mara 2 au 3 kwa wiki hadi ajue tangi lake linakula kiasi gani, kisha mara moja kwa wiki inatosha. Kalsiamu kila wiki 2 hadi 4, magnesiamu mara moja kwa mwezi. Wapo wanaofanya kinyume, wanapima kalsiamu kila siku kwa sababu wamesikia matumbawe yanataka kalsiamu, na alkaliniti hawana hata kipimo chake.

Nitrati na fosfati ni mbolea ya mwani. Nitrati ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita na fosfati karibu na 0.1 au chini ya hapo, tangi mchanganyiko la samaki na matumbawe huwa na raha. Kupima kila wiki mbili kunatosha, na hata hapo tazama mwelekeo kuliko namba. Nitrati 10 iliyokuwa 10 mwezi jana ni habari njema. 10 iliyokuwa 3 ni habari tofauti, ingawa namba ni ile ile. Kioo nacho husema. Kama ulizoea kukisugua kila baada ya siku 3 na sasa kesho yake tu kimeota ukijani, kuna chakula kingi humo ndani, pima leo usingoje Jumamosi.

Na kubadilisha maji hakufuti nitrati kama watu wanavyotarajia. Ukitoa asilimia 10 ya maji, unatoa asilimia 10 ya nitrati: 40 inakuwa 36. Wiki 4 za kubadilisha hivyo zinakufikisha kwenye 26, tena kama samaki wamefunga mdomo mwezi mzima.

pH sitaisemea sana. Hushuka usiku, huwa chini kabisa karibu na alfajiri, hupanda mwanga ukiwaka, na ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha hukaa chini kwa sababu ya hewa tunayoitoa sisi wenyewe. Kati ya 7.8 na 8.4 wacha ilivyo. Ukitaka kuilinganisha, ipime saa ile ile kila mara. Joto litazamwe kila siku. Kipimajoto hakihitaji matone wala hesabu, na maji yakivuka 30 hushika hewa kidogo huku samaki wakihitaji zaidi.

Nirudi kwa yule wa tatu, ambaye hajapima tangu mwaka juzi. Simcheki, huenda macho yake yamekuwa kipimo kizuri. Ila kuna malalamiko nayasikia sana kwa watu wa aina yake: "Kaka, samaki wangu wa zamani wazima miaka mitatu, lakini kila mgeni ninayemleta hamalizi siku mbili. Huyu muuzaji ananiuzia wagonjwa." Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba tangi lake limeteleza kidogo kidogo, alkaliniti ikipungua, pH ikishuka, nitrati ikipanda hadi 100 na zaidi. Wenyeji wameteremka nayo ngazi baada ya ngazi, mwili ukizoea. Mgeni ametolewa kwenye maji safi akarushwa kutoka ghorofani. Kipimo kimoja cha nitrati na kimoja cha alkaliniti kingeamua kesi hiyo kwa dakika 10, kabla hajagombana na muuzaji. Na akigundua ndivyo, asikimbilie kubadilisha nusu ya maji usiku huo, maana wenyeji nao watarushwa, safari hii kwenda juu.

Wengine husema bahari haipimwi na mtu na samaki wanaishi. Pale Mnarani, Nungwi, Zanzibar, kuna bwawa la asili kwenye mwamba linalofugiwa kasa, na maji yake huingia na kutoka na bahari, kujaa na kupwa, kama mara mbili kwa siku. Lita 200 sebuleni hazina kujaa wala kupwa. Bahari yako ni ndoo yako.

Na wanaochota ndoo hiyo baharini kwenyewe, jambo ambalo kwa watu wa pwani ni baraka na akiba ya hela, ndio wanaohitaji kupima kabla ya kumimina. Wakati wa masika, karibu na midomo ya mito kama Msimbazi, maji ya juu yanaweza kuwa mepesi sana kwa chumvi na mazito kwa taka. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mto na mbali na boti, yachuje, upime chumvi kila ndoo. Wale wanaosema maji ya kisima ya Dar yana chumvi hivyo yanafaa, hapana. Chumvi ya kisima haina mchanganyiko wa bahari, hata kama ulimi hautofautishi.

Limebaki suala la mkono. Kipimo cha alkaliniti unachota maji kwenye kichupa, unatia tone moja moja na kutikisa, mpaka rangi ibadilike ghafla. Kwenye vipimo vingi vya bei ya kawaida, tone moja ni digrii moja. Sasa kama rangi imebadilika kwenye tone la 8, alkaliniti inaweza kuwa 7.1 au 8. Ukichota maji mara mbili ya yaliyoandikwa, mililita 10 badala ya 5, kila tone linakuwa nusu digrii na jibu linakuwa kali zaidi. Kichupa kisuuzwe kwa maji ya tangi kwanza. Rangi itazamwe dirishani mchana, si chini ya ile taa ya buluu ya tangi, ambayo hugeuza kila kitu kuwa buluu. Tazama tarehe ya mwisho kwenye chupa, na usihifadhi juu ya friji palipo na joto. Namba ikikushtua, rudia kupima kabla hujafanya lolote. Nimeshamwaga dawa ya kupandisha alkaliniti kwa sababu ya kiputo kwenye sindano ya kupimia, na kuishusha tena kulinichukua wiki. Hata ikithibitika iko chini, ipandishe kwa digrii moja kwa siku, isizidi.

Andika kila namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Baada ya miezi 3 daftari ndilo litakalokuambia upime kila baada ya siku ngapi: jambo ambalo halijasogea mara 6 mfululizo liongezee muda, linalorukaruka lipunguzie.

Ukisafiri kwenda kwenu mwisho wa mwaka, usimfundishe jirani au dada wa nyumbani kuhesabu matone. Pima vyote siku 3 kabla, ukiwa na muda wa kurekebisha. Bandika utepe kwenye kioo maji yanapotakiwa kufika, weka pembeni ndoo za maji yaliyochujwa, na mwambie ajazie hapo kila asubuhi, basi. Chakula kifungie kwenye vikaratasi, cha siku moja moja, na kopo lenyewe ulifungie kabatini uondoke na ufunguo.